Foleni Haizaliwi Pale Unapoiona

Mheshimiwa mwenyekiti, waganga wafawidhi, wauguzi viongozi, ndugu zangu wa takwimu na wa uhasibu, hamjambo.

Nimepewa dakika 40 nizungumzie uigaji wa kompyuta, yaani kuigiza kazi za hospitali ndani ya kompyuta, na jinsi unavyoweza kupunguza msongamano wa wagonjwa hospitalini. Kompyuta yenyewe nimeiacha kwenye begi. Hapa mkononi nina bahasha yenye vikaratasi sita, na kwa ruhusa yenu namwomba sista aliyekaa hapo mbele aje anisaidie.

Kila kikaratasi kimeandikwa dakika ambazo mgonjwa mmoja atakaa na daktari. Vipo vya 5, 6, 8, 9, 12 na 20. Ukijumlisha unapata 60. Wagonjwa sita kwa saa moja, wastani wa dakika 10 kila mmoja, basi tutawapa miadi ya kupishana dakika kumi kumi. Kwa jicho la mhasibu hesabu imekaa: daktari anatosha na wala hakuna wa kusubiri. Tena nawapa nyongeza ambayo kazini hamuipati. Wagonjwa wote wanafika kwa dakika yao, hakuna aliyewahi wala aliyechelewa, na daktari naye yuko mezani saa tatu kamili.

Mnacheka. Haya, sista, chomoa.

Cha kwanza ni 5. Mgonjwa kaingia saa tatu kamili, katoka saa tatu na dakika tano. Daktari kakaa dakika tano anaangalia ukuta kwa sababu wa pili hajafika. Wa pili kafika saa tatu na kumi, kikaratasi chake ni 20, huyo anatoka saa tatu na nusu. Wa tatu alifika saa tatu na ishirini akakuta mlango umefungwa, akasubiri dakika 10. Chake ni 8. Wa nne kasubiri 8, kachomolewa 6. Wa tano kasubiri 4, kapata 12. Wa sita kasubiri 6, naye kabakiwa na 9. Daktari kamaliza saa nne na dakika tano, na benchi limekula dakika 28 za watu.

Sasa niambieni nani mzembe. Hayupo. Kazi ilikuwa ya saa moja kamili na daktari alikuwepo saa nzima. Foleni imetokana na kupishana tu: huyu dakika tano, yule ishirini. Zile dakika tano za mwanzo daktari hakuweza kuziweka akiba aje azitumie kwa mgonjwa wa pili. Muda ukibaki unapotea, ukizidi unabebwa na kila anayekuja nyuma. Hapo ndipo somo letu lote lilipo, na kama kuna mwenye safari ndefu anaweza kuondoka sasa hivi.

Kwa mliobaki, turudie na vikaratasi vile vile, kwa mpangilio ule ule, ila safari hii tumewaambia wote sita wafike saa tatu kamili, kama kliniki nyingi zinavyofanya hadi leo. Daktari hapumziki, anamaliza saa nne juu ya alama. Benchi je? Wa pili kasubiri 5, wa tatu 25, wa nne 33, wa tano 39, wa sita 51. Jumla dakika 153. Tumemwokolea daktari dakika tano, wagonjwa wamezilipia dakika 125 za ziada.

Kuna njia ya kati. Mwaka 1952 mtakwimu Mwingereza, Norman Bailey, alikaa na penseli na namba za nasibu akaigiza kliniki za wagonjwa wa nje kwenye karatasi, mgonjwa mmoja mmoja, kama tulivyofanya na sista hapa. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: mwanzoni ita wawili, halafu mmoja mmoja kila unapopita muda wa wastani. Tuujaribu. Wawili saa tatu, kisha mmoja kila dakika kumi. Jumla ya kusubiri inakuwa 53, na daktari anamaliza saa nne kamili bila kukaa bure hata dakika moja. Linganisheni na 153. Muda wa daktari ni ule ule, ila dakika 100 za wagonjwa zilizokuwa zinaungua bila kumnufaisha mtu yeyote zimebaki mikononi mwao. Miaka zaidi ya 70 imepita tangu Bailey aandike, na bado kuna mahali kadi zote za miadi zinaandikwa saa moja asubuhi.

Sista kachomoa mara moja tu, hiyo ni asubuhi moja. Rudisha vikaratasi, tikisa, chomoa tena, unapata asubuhi nyingine yenye bahati yake. Fanya hivyo mara elfu, andika kila mara watu walisubiri kiasi gani, na hapo umeshafanya uigaji. Kompyuta kazi yake ni kuchomoa vikaratasi bila kuchoka.

Wazo hili la kucheza mara nyingi na kuhesabu lina historia inayonifurahisha. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa anajiuguza, akawa anaua muda kwa kucheza karata peke yake. Akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani, hesabu zikamshinda kwa urefu, akaona heri kucheza michezo mia na kuhesabu mingapi imekubali. Wazo akalipeleka kwa mwanahisabati mwenzake John von Neumann, wakalitumia kwenye hesabu za nyuklia kule kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani. Kwa hiyo chombo ninachokisifia leo kilitoka kwa mgonjwa aliyechoshwa na kukaa. Hesabu za foleni zenyewe ni za zamani zaidi. Mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alizianzisha kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, mwaka 1909, akitaka kujua laini ngapi zitatosha ili wapigaji wasikwame. Simu na kitanda ni ndugu: vyote mtu anavikuta vimeshikwa.

Ndani ya kompyuta hospitali inakuwa hivi. Kila mgonjwa ni kijirekodi kidogo: amefika lini, hali yake ni nzito kiasi gani, hatua inayofuata ni ipi. Daktari, kitanda, mashine ya eksirei, dirisha la dawa, hivi ni vitu vya kushikwa na kuachiwa. Saa ya modeli, yaani ya hospitali hiyo ya kuigiza, haitembei dakika kwa dakika, inaruka kutoka tukio hadi tukio: mgonjwa amefika, kipimo kimetoka, kitanda kimeachwa. Katikati ya matukio hakuna kinachobadilika, basi hakuna sababu ya kungoja. Ndiyo maana mwaka mzima wa hospitali unaisha kabla chai yako haijapoa.

Na humo ndani unaruhusiwa kukosea. Unaweza kufunga wodi nzima, kumwondoa daktari wa usiku, kuwaleta majeruhi 40 kwa mkupuo, na hakuna anayekufa. Mabadiliko mengi tunayofanya hospitalini ni majaribio juu ya watu halisi, ila tunayaita waraka.

Sasa nije kwenye jambo linalowagombanisha wakuu na watu wa chini kila mwaka: kwamba fulani hana kazi ya kutosha. Chukueni daktari mmoja, wagonjwa wanafika wakati wowote, muda wa kuhudumia unatofautiana, wastani dakika 10. Akiwa na shughuli asilimia 50 ya muda wake, mgonjwa husubiri wastani wa dakika 10. Mfikishe asilimia 80, kusubiri kunakuwa dakika 40. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190, yaani zaidi ya saa tatu. Angalieni hatua ya mwisho: kazi imeongezeka kidogo sana, kusubiri kumezidi mara mbili. Hizi ni hesabu za kawaida za foleni ya mhudumu mmoja, na kliniki halisi ina mambo yake, lakini umbo la mchoro ni hilo hilo kila mahali. Mkuu anayejivunia kwamba hakuna mtumishi wake anayekaa bila kazi hata dakika moja, ukimwuliza wagonjwa wake wako wapi, atakuonyesha korido.

Niwape kisa changu, na hospitali yenyewe nitaistiri.

Niliitwa kwa sababu kitengo cha dharura kilikuwa kimejaa machela hadi nje ya mlango. Uongozi ulishaamua: aongezwe daktari wa dharura na chumba kipanuliwe. Mimi nilitakiwa kuipamba hoja kwa michoro. Nikajenga modeli kutoka kwenye rekodi zao, na jambo la kwanza lililoniduwaza ni kwamba karibu kila mgonjwa aliyelazwa alifika wodini kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana. Nikatafuta maelezo. Nikasema ni mlo wa mchana, nikasema ni wabeba machela kubadilishana, nikachora grafu ya rangi tatu. Nilipoionyesha wodini, muuguzi mmoja mtu mzima aliiangalia kwa muda kisha akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo ndiyo saa tunayokaa chini kuandika. Zamu inakwisha saa nane."

Wiki tatu za kazi yangu zikaenda na maji. Tulianza upya, safari hii mtu kasimama na karatasi na saa ya mkononi kwenye kila mlango. Tangu siku hiyo siamini muda wowote ulioandikwa kwenye mfumo mpaka nimemwuliza aliyeuandika alikuwa anafanya nini dakika hiyo.

Modeli ya pili ndiyo iliyosema kweli. Tulipomwongeza daktari wa dharura, wagonjwa walionwa mapema, halafu wakalala kwenye machela yale yale wakingoja kitanda cha wodi. Foleni ilihama hatua chache ikabadilisha jina. Tukaifuata kinyumenyume, na tukaikuta ghorofa ya juu, kwa mgonjwa aliyekaa juu ya kitanda amevaa viatu, begi mapajani. Aliambiwa kwenye raundi ya saa nne asubuhi kwamba ameruhusiwa. Saa sita bado yupo: barua ya ruhusa haijaandikwa, daktari wa kuiandika kaingia chumba cha upasuaji. Saa nane barua ipo, dawa za kwenda nazo hazijateremka. Saa tisa dawa zipo, malipo hayajafungwa na ndugu wa kumchukua aliambiwa aje jioni. Kaondoka saa kumi na nusu. Kitanda kikafutwa, shuka zikabadilishwa, na mgonjwa wa dharura aliyekihitaji tangu saa tano asubuhi akakilalia magharibi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Foleni nayo ukiikuta imesimama koridoni, jua imeundwa mahali pengine, mara nyingi na mtu asiyejua kwamba anaiunda.

Kwenye modeli tukabadilisha kitu kimoja tu: saa ya kuondoka. Barua za ruhusa ziandikwe jioni ya kuamkia, dawa ziagizwe usiku, ndugu waambiwe siku moja kabla. Koridoni machela yakapungua kuliko tulipomwongeza daktari. Nakiri kwamba kuwashawishi watu waandike barua jioni kulichukua muda mrefu kuliko kujenga modeli zote mbili.

Kuna kanuni inayolifanya jambo hili lisiwe la kubishana. Mtafiti Mmarekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Hospitali inayolaza watu 30 kwa siku, wakikaa wastani wa siku 5, inashikilia vitanda 150. Punguza nusu siku, vinakuwa 135. Vitanda 15 vimepatikana bila kumwaga zege, na nusu siku, kama mlivyomwona yule bwana wa viatu, haikuwa ya matibabu.

Swali linalofuata huwa ni vitanda vijae kiasi gani. Mwaka 1999 Adrian Bagust na wenzake walichapisha kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, uigaji wa vitanda kwa wagonjwa wa dharura. Waliona kwamba ujazo wa wastani ukipita asilimia 85 hatari inaanza kuonekana, na ukifika 90 na kuendelea, hospitali itegemee kupungukiwa vitanda mara kwa mara. Namba 85 ikasambaa duniani kama amri ya Musa. Kwa maoni yangu ilisambaa kupita kiasi, maana ukubwa wa wodi una neno lake.

Tazameni. Wodi mbili, kila moja vitanda 10, kila moja ina wagonjwa wa kutosha kujaza vitanda 8 kwa wastani, na asiyepata nafasi hupelekwa kwingine. Kwa fomula ya Erlang yule yule wa simu, kati ya wagonjwa 100, takriban 12 watakuta wodi yao imejaa. Ziunganishe zihesabiwe kama wodi moja ya vitanda 20 kwa wagonjwa wale wale: wanaokosa wanashuka hadi takriban 6. Hamkuongeza hata godoro. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba huku kumejaa na ng'ambo ya ukuta kitanda kiko wazi, kwa sababu ni cha "wenzetu". Bila shaka huwezi kumlaza mtoto mchanga pamoja na mwenye kifua kikuu kwa sababu Erlang kasema, na muuguzi wa mifupa hageuki wa moyo kwa siku moja. Lakini kuta nyingine ni za ujirani mbaya tu, na modeli inakuonyesha gharama ya kila ukuta.

Hapa niseme neno ambalo halisemwi vikaoni. Vitanda hufichwa. Mgonjwa ameondoka, kwenye daftari bado yupo nusu saa, kwa sababu muuguzi ana wagonjwa wengine 20 na anahitaji kupumua kabla hajaletewa wa 21. Nimeshaona wakuu wakiligundua hilo na kuandika barua za onyo. Matokeo yake vitanda vinafichwa kwa ufundi zaidi. Mimi naingiza ile nusu saa kwenye modeli kama ilivyo, kisha najaribu kuongeza muuguzi wa saa za mchana nione kama haja ya kuficha inaondoka. Mara nyingine ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Mambo ya kiufundi nitayapita haraka, vijana wa takwimu tutaonana kwenye chai. Modeli huanza hospitali ikiwa tupu, na hospitali tupu haijawahi kuwepo, kwa hiyo siku za mwanzo zitupeni. Msiendeshe mara moja mkaamini: kila mzunguko una bahati yake, endesheni mara nyingi na mtazame siku mbaya, maana hakuna aliyewahi kufia kwenye wastani. Kabla ya kujaribu mabadiliko, modeli iweze kwanza kuizaa upya hospitali ya sasa, na foleni zake zote. Na programu si kikwazo. SimPy ya lugha ya kompyuta iitwayo Python na simmer ya lugha ya R zinapatikana bure.

Kigumu ni kukaa na watu. Modeli nzuri niliyowahi kujenga ilichorwa kwanza ukutani kwa kalamu, na mfagiaji wa wodi ndiye aliyetuambia kwamba kitanda kikihama kutoka chumba cha kujitenga hufutwa mara mbili. Hakuna daktari aliyelijua hilo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali mawili.

(Mganga mfawidhi mmoja aliuliza kama kupunguza foleni hakutawavuta tu wagonjwa zaidi, mpaka hali irudi ilipokuwa.)

Kutawavuta, daktari. Watu hupima kwa miguu yao: waliokuwa wanaumwa nyumbani kwa kuogopa benchi watakuja, na wa hospitali jirani pia. Basi lisiwe jambo la kushtukiza. Ukishaijaribu njia mpya kwenye modeli, ongeza wanaofika asilimia 5, kisha 10, kisha 15, uone ni wapi mkondo unapinda kwenda juu. Hapo unajua una nafasi kiasi gani kabla ya kurudi ulikotoka, na uombe watumishi wa ziada mapema. Usimwahidi mtu yeyote kwamba foleni itakwisha.

Ndiyo, sista?

(Sista aliuliza kama avirudishe vikaratasi.)

Hapana, baki navyo. Ila ukifika kazini kiongeze cha saba, ukiache bila namba. Huyo ndiye aliyechukua miadi asije. Chomoa tena, halafu niandikie umeamua kumpa nani nafasi yake.